Nasaba ya Paka wa Dhahabu

Sisi walimu wa Kiswahili wa Jinja na Mbale huwafunza wanafunzi wetu kwamba jina hubainisha kitu. Lakini historia ya paka wa dhahabu wa misitu ya Afrika yaonyesha kwamba jina laweza pia kuficha nasaba.

Mwaka 1827 Mholanzi Coenraad Temminck aliieleza ngozi nyekundu akaiita Felis aurata, na ngozi ya kijivu akaipa jina jingine, akidhani ni wanyama wawili. Baadaye Richard Lydekker akaongeza jina jingine kwa mnyama wa Ituri. Kumbe wote ni paka yule yule, ila rangi zake ni mbalimbali.

Hatimaye ushahidi ulitafutwa ndani ya mwili. Katika seli mna chembe ziitwazo mitokondria, ambazo mtoto hurithi kwa mama tu. Hivyo ukoo hufuatwa toka mama hadi nyanya. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2006, uliopima jeni za mitokondria pamoja na nyinginezo, ulibainisha kwamba paka huyu ni ndugu wa simbamangu, na mondo ni wa ukoo wao. Basi simbamangu, ajapobeba jina la simba, si wa mlango wa simba.

Hapa Uganda paka huyu yungali Kibale na Bwindi, ambako mitego ya nyaya iliyotegewa paa humnasa yeye. Uzi wa mama ukikatika hauungiki. Tumtaje darasani angali hai.