Duara jeusi angani

Hebu weka video kando dakika mbili, kuna picha nataka uione.

Ni ya Dorothea Lange, aliipiga Childress County, Texas, mwaka wa 1938. Nyumba ya mbao iko peke yake shambani, na mistari ya jembe imekuja hadi karibu na mlango. Hakuna mtu. Mara ya kwanza niliipita tu. Kisha nikaivuta kwa vidole na ikanishika: trekta ndiyo iliwafukuza wenye hiyo nyumba. Walikuwa wakilima mashamba ya wenyewe, na trekta moja ikaanza kufanya kazi ya familia kadhaa. Lange hakuhitaji kutafuta mtu analia, mistari inatosha.

Serikali ya Marekani ndiyo ilikuwa inalipia hizi kazi kuanzia 1935, wakati uchumi umeanguka na vumbi linameza mashamba ya Oklahoma na majirani zake. Bosi wa mradi alikuwa Roy Stryker. Sasa skiza: picha ambayo hakuipenda, filamu yake ilitobolewa tundu isitumike tena. Ukiziangalia leo, unaona duara jeusi limekaa angani, au kwenye uso wa mtu. Manze, hiyo iliniuma.

Lakini kelele zilipigwa kuhusu fuvu. Mwaka wa 1936 Arthur Rothstein, kijana wa miaka 20, alipata fuvu la ng'ombe huko South Dakota, akalisogeza mita chache ndio litoe kivuli poa. Gazeti moja la Fargo likasema ni feki. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kwa hivyo wapinzani wa Rais Roosevelt walikula hiyo stori vizuri. Ila ukame ulikuwa wa kweli, bana. Kwangu mimi lile tundu ni baya kuliko fuvu, kwa sababu picha iliyotobolewa hakuna mtu angeiuliza swali.

Takriban filamu 170,000 za ule mradi ziko Library of Congress, na nyingi unaziona mtandaoni bure, hadi zile zenye matundu.

Nasema hivi na mimi si malaika. Desemba nilipiga picha nyingi za shamba la shosho ushago, nikafuta zote zenye tangi la plastiki kwa sababu "zilikuwa hazikai ushago". Shosho alidunduliza miaka miwili kununua hilo tangi. Nilipomwonyesha zile zilizobaki, aliangalia moja moja, polepole, halafu akaniuliza, "Na tangi langu liko wapi?"