Maziwa ya Windscale

Msomaji, hatari nyingi za dunia zimepewa alama ya kujulikana. Moto una moshi, nyoka ana mchakacho katika majani makavu, na chakula kilichooza kina harufu. Mionzi ya atomu haina alama hata moja ya namna hiyo. Haionekani kwa jicho, haisikiki kwa sikio, wala haina ladha mdomoni. Mtu hawezi kujihadhari nayo ila kwa kupima, na asiye na chombo cha kupimia hana budi kuamini neno la mwenye nacho. Kwa hiyo kupima mionzi ni kazi ya elimu, tena ni kazi ya uaminifu. Habari za Windscale zatufundisha yote mawili.

Windscale ni mahali katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo lililoitwa Cumberland zamani hizo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilijenga hapo matanuri mawili ya atomu ili kupata plutoniamu ya kutengenezea mabomu. La kwanza lilianza kazi mwaka 1950, na la pili mwaka uliofuata. Yalijengwa kwa grafiti, yakatiwa vipande vya uraniamu, na kupozwa kwa hewa iliyosukumwa na mashine na kutokea juu katika dohani ndefu. Sir John Cockcroft, mkuu wa kituo cha utafiti wa atomu cha Harwell, alishikilia kwamba vichujio viwekwe katika dohani hizo. Wako waliovicheka na kuviita upumbavu wa Cockcroft.

Maji yenye mabaki ya mionzi yalimwagwa baharini kwa bomba. Wapimaji walichukua samaki, mchanga na mwani, wakajiuliza: Je, uchafu huu utamfikia nani, na kwa njia gani? Walipofuatilia waliona jambo la ajabu. Katika pwani ile watu walichuma aina ya mwani uliopelekwa mbali, hata kusini mwa Wales, ambako wenyeji huuchemsha na kuula. Basi mtu aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wengine hakuwa jirani wa kiwanda, bali mlaji wa mwani aliyekaa mbali, ambaye pengine hakupata kulisikia jina la Windscale. Wataalamu walifanya afya ya mlaji huyo kuwa kipimo cha uchafu ulioruhusiwa kumwagwa. Hapo ndipo elimu hii ilipopata kanuni yake: usipime mahali palipo karibu tu, fuata njia ya chakula mpaka kinywani.

Kanuni hiyo ilijaribiwa kwa moto katika Oktoba 1957. Grafiti ikikaa ndani ya tanuri la atomu huweka nguvu iliyofichika, na ilikuwa desturi kuipasha moto kwa makusudi ili nguvu hiyo itoke polepole. Safari hii mambo yaliharibika. Tarehe 10 Oktoba ilijulikana kwamba tanuri la kwanza linawaka ndani. Tom Tuohy, naibu wa meneja wa kiwanda, alipanda juu ya tanuri mara kwa mara kuutazama moto kwa macho yake. Tarehe 11 asubuhi maji yalimiminwa, ingawa ilihofiwa kwamba yangeweza kuleta mlipuko. Hewa ilipofungwa pia, moto ulikufa. Vichujio vilivyochekwa vilikuwa vimenasa sehemu kubwa ya vumbi lenye sumu, lakini iodini nyingi ilipita.

Magari ya wapimaji yalikwenda huku na huko vijijini. Hewa yenyewe haikuonekana kuwa na hatari kubwa kwa wakaao humo. Lau wapimaji wangeishia hapo, wangesema kwamba yote ni salama. Lakini ng'ombe hula majani ya eneo kubwa kwa siku moja, na iodini iliyoangukia majani huingia upesi katika maziwa. Mtoto akiyanywa, iodini hukusanyika katika tezi ya shingoni, ambayo kwake ni ndogo, na hivyo hupata madhara makubwa kuliko mtu mzima. Maziwa yakapimwa, na iodini ikaonekana humo.

Hapakuwa na kipimo kilichowekwa tangu awali cha kuonyesha ni kiasi gani kingezidi katika maziwa. Wataalamu walishauriana kwa haraka, wakakata shauri, na tarehe 12 Oktoba wakulima wa karibu walianza kukatazwa kuuza maziwa. Siku chache baadaye katazo lilienea katika nchi ya kilomita za mraba 500 hivi. Maziwa yalimwagwa, na wakulima walilipwa fidia. Nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo katika mwezi wa Novemba katazo liliondolewa.

Msomaji, hadi hapa tungeweza kusifu tu. Lakini Sir William Penney alipomaliza kuchunguza chanzo cha moto, Waziri Mkuu Harold Macmillan hakukubali taarifa yake yote itangazwe. Raia walipewa muhtasari, na taarifa kamili ilifunguliwa mwaka 1988. Alikadhalika, habari ya poloniamu iliyotoka katika moto ule haikujadiliwa hadharani mpaka miaka ya 1980. Watu walioamini neno la wapimaji kuhusu maziwa walikuja kujua, baada ya miaka mingi, kwamba hawakuambiwa yote. Mahali hapo sasa huitwa Sellafield, na matokeo ya kupima mionzi katika chakula na mazingira yake hutangazwa kila mwaka.

Chombo kizuri huonyesha ukweli kwa mtu mmoja aliyekishika. Ukweli huo haumkingi mtoto anywaye maziwa mpaka usemwe kwa mama yake. Basi ukisikia kwamba jambo fulani limepimwa, uliza maswali mawili: Je, kipimo kilifuata njia mpaka kwa mlaji? Na je, mlaji aliambiwa?