NENO «MKOMBOZI» HUKU TANGANIKA



Katika siku hizi za jubilei tunatamka maneno matakatifu mengi, ambayo ulimi umeyazoea hata sikio haliyasikilizi tena. Kati ya hayo tumechagua moja tu, Mkombozi, kwa sababu kwa wazee wetu wa imani neno hilo lilijulikana sokoni kabla ya kujulikana kanisani.

Maneno ya sala zetu hayakufika kwa njia moja. Roho, malaika, sadaka, msalaba, na hata kanisa, asili yake ni Kiarabu; padri tulimpata kwa Wareno; Ekaristi ni neno la Wagiriki. Lakini mengi yalitufikia na misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Kasongo na Nyangwe. Misafara ilikwenda na vitambaa na bunduki, ikarudi na pembe za tembo na watu waliofungwa kongwa shingoni. Waliofuatana na matajiri wale waliitwa Wangwana, maana yake waungwana, watu wasio watumwa. Ndipo lilipotoka jina la Kingwana. Basi luga inayoitwa ya watu huru, wengi waliijifunza wakiwa utumwani, na katika hao Wangwana wenyewe wengi walikuwa watumwa wa mabwana wa pwani. Wako vijana wanaotuuliza kama inafaa kumwomba Mungu kwa luga iliyopita njia ile. Swali lao si la kuchekwa.

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mjini Alger mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Walifungua Kibanga mwaka 1883, wakapokea Mpala mwaka 1885. Vijiji vyao vya kwanza vilijaa watu waliokombolewa, hasa watoto. Tusilipambe neno hilo. Kukomboa kulikuwa kuhesabu doti za amerikani, shanga na waya za shaba mbele ya muuzaji, mpaka akubali kuachilia mkono wa mtoto. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika barua yake ya kulaumu utumwa, naye Kardinali Lavigerie akaenda Paris, London na Bruxelles kuhubiri juu ya mateso ya watu wetu.

Lazima tuseme pia upande wa pili. Aliyekombolewa hakwenda popote alipotaka. Alikaa katika ardi ya misioni, akalima mashamba yake, akafuata amri zake hata katika mambo ya ndoa. Wengine hawakuwa na nyumba ya kurudia, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimeteketezwa; wengine labda wangependa kurudi, wala hawakuulizwa. Sisi tunaona kwamba wamisionari walifanya tendo kubwa la huruma, na kwamba uhuru waliotoa ulikuwa na ua kuuzunguka. Mambo hayo mawili ni kweli pamoja.

Katika hali hiyo mwalimu wa dini alisimama akasema: Yezu Kristu ni Mkombozi wetu. Hakuhitaji kueleza sana. Neno la Kilatini, Redemptor, maana yake ni yule anayenunua tena kilichokuwa chake, nao waliosikiliza walikuwa wamenunuliwa. Jambo gumu kwao lilikuwa jingine: kwamba huyu hakulipa kwa vitambaa bali kwa damu yake, na kwamba baada ya kulipa hakumfanya mtu mtumwa wake, alimwita ndugu.

Hata alama walizitazama kwa macho yale. Mapadri walivaa kanzu nyeupe, na rozari shingoni. Shingo iliyobeba kongwa, sasa ikabeba rozari au medali. Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto kule mto Niger na kukombolewa katika Algeria, alisomea uganga Malta, akawatibu watu wa Karema, ng'ambo ya ziwa letu, tangu 1889 mpaka alipofariki 1956. Na mwaka 1917, pale Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi.

Jubilei yenyewe ni jamaa ya neno hili. Kwa Waebrania yobel ni pembe ya kondoo dume, iliyopigwa mwaka wa hamsini. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza kwamba mwaka huo aliyejiuza kwa umaskini arudi kwa jamaa yake, na kabla ya hapo ndugu yake aweza kumkomboa kwa kulipa.

Katika nyimbo zetu Mwokozi na Mkombozi hubadilishana, kana kwamba ni neno moja. Kuokoa ni kumtoa mtu katika hatari. Aliyezama aweza kuokolewa bure. Kukomboa kuna garama, na kuna mtu anayeilipa. Tunaomba wakuu wa kwaya wasiyachanganye kwa ajili ya sauti tu. Kwa maana katika Kivu na Ituri ziko jamaa ambazo katika miaka hii zimeuza ng'ombe na shamba, zikakopa feza kwa majirani, ili kumkomboa mtoto aliyetekwa njiani. Watu hao nao huimba pamoja nasi siku ya Ijumaa Kuu, wakikaribia msalaba kuubusu.