Turbo ni Nyepesi, Gari Lake ni Zito

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipitia nyumbani na gari lake dogo la Kijapani. Hata hajazima injini vizuri, boneti tayari iko juu.

"Shikamoo Mjomba. Njoo uone kitu."

Gari hilo alilinunua likiwa na injini ya kawaida. Sasa fundi mmoja wa mtaani amemfungia injini ya turbo iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Kijana alikuwa na furaha ya bwana harusi. Nikamwuliza, na breki je?

"Breki ni zile zile, Mjomba. Zinashika tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niweke kando mazungumzo niliyokuwa nimeyaandaa kwa juma hili. Ukisoma vitabu vya watengenezaji wa magari ya mbio za barabarani utakuta jambo linalorudiwa karibu kila mahali: gari lile lile, likitoka kiwandani na turbo, huwa zito kuliko ndugu yake lisilo nayo. Mara nyingine tofauti hupita kilo 100. Na turbo ya gari dogo unaweza kuibeba kwa mkono mmoja! Basi kilo zilizobaki zimetoka wapi?

Turbo yenyewe ni kama konokono wawili wa chuma waliogeuziana migongo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni iliyomo ndani ya konokono wa kwanza. Feni hiyo imeunganishwa kwa ufito na feni ya konokono wa pili, ambayo huvuta hewa na kuisindilia kwenye silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na nguvu inapanda. Mswisi Alfred Büchi alisajili uvumbuzi huo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado, kiasi cha mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, akaonyesha kwamba turbo huirudishia injini pumzi inayopotea kwenye hewa haba. Mwaka 1962 turbo ikaingia kwenye magari ya watu, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, huko huko Marekani.

Lakini kisa chenyewe kiko Ujerumani, kwa Porsche.

Kampuni hiyo ilijifunza turbo uwanjani. Mwaka 1972 na 1973 magari yake aina ya 917 yenye turbo yalitwaa ubingwa wa mashindano ya Can-Am ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1974 gari la 911 lililofungwa turbo lilishika nafasi ya pili katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Gari hilo la mbio lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 900. Limevuliwa kila kitu, limebaki mifupa na injini.

Ili gari la namna hiyo liruhusiwe kushindana katika daraja walilolitaka, sheria zilidai yatengenezwe 400 ya kuuziwa watu. Hapo ndipo pakazuka swali: mauzo yatakuwaje? Dunia ilikuwa imetoka kupigwa na mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Nani atatoa fedha nyingi kununua gari lisilo na zulia wala kiti cha maana? Mkuu wa kampuni, Ernst Fuhrmann, aliamua 911 Turbo iwe gari la tajiri: viti vya ngozi, mazulia, na mapambo yote. Likaonyeshwa Paris mwaka 1974, injini ya lita 3, nguvu za farasi 260, uzito takriban kilo 1,140. Ndugu yake wa kawaida wa lita 2.7 alikuwa na kilo 1,075 hivi. Fuhrmann hakukosea hesabu za biashara, kwani badala ya 400 yaliuzwa zaidi ya 2,800 kabla toleo hilo halijabadilishwa.

Kwa hiyo sehemu ya uzito ilikuwa anasa tupu. Lakini si yote, na hapa ningependa msikilizaji anisikilize kwa makini.

Nguvu haikai peke yake ndani ya injini. Inashuka kwenye klachi, inaingia kwenye giaboksi, inafika kwenye ekseli hadi kwenye tairi. Giaboksi ya 911 ya kawaida isingeweza kuihimili, ikabidi itengenezwe nyingine yenye meno mapana, na kwa kuwa meno mapana yanakula nafasi, gari hilo la fahari likatoka na gia nne wakati gari la bei nafuu liliweza kupatikana na tano. Tairi za nyuma zikapanuliwa, bodi ikavimba kuzifunika, na mgongoni likawekwa bawa la kulikandamiza gari chini lisielee kwenye mwendo mkali.

Kitu kimoja hakikubadilishwa inavyostahili. Breki! Turbo ya kwanza ilitoka na breki za aina ile ile iliyokuwa kwenye gari la nguvu ndogo, na walioliendesha walilalamika. Fikiria mwenyewe: kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo haliongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 140, mwendo umeongezeka chini ya nusu, lakini joto ambalo breki zinapaswa kulimeza limekaribia mara mbili.

Mwaka 1978 likaja toleo la lita 3.3, nguvu za farasi 300. Safari hii breki zilikuwa kubwa, zenye asili ya lile gari la mbio la 917. Likaongezwa pia rejeta la kupoza hewa, lile mafundi wetu wanaloliita intakula. Kila aliyewahi kujaza tairi la baiskeli anajua kwamba hewa ikisindiliwa hupata moto, maana pampu humchoma mkononi. Hewa ya moto inaumiza injini, hivyo lazima ipozwe kwanza. Uzito ukapanda hadi kilo 1,300. Gari la kawaida la mwaka huo, 911 SC, lilikuwa na kilo 1,160.

Mwaka 1995 911 Turbo ilipewa turbo mbili na farasi 408, na kwa kuwa magurudumu mawili ya nyuma hayakutosha kuzikanyagisha nguvu hizo barabarani kwa usalama, yakaendeshwa yote manne. Kilo 1,500, dhidi ya 1,370 za gari la kawaida. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilitoa pia gari aina ya GT2, lenye injini ya jamii hiyo hiyo na turbo zake mbili, likaondolewa mashine ya kuendesha magurudumu ya mbele na sehemu kubwa ya starehe. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 1,300, pungufu hata ya lile lisilo na turbo kabisa. Ferrari nao walikuwa wamefanya hivyo mwaka 1987 kwa gari la F40: turbo mbili, hakuna zulia, hakuna redio (hilo mimi silisamehi), na mlango unafunguliwa kwa ndani kwa kuvuta kamba.

Tangu mwaka 2015 hata 911 Carrera ya kawaida hutoka na turbo. Hata hivyo lile linaloitwa Turbo limebaki zito zaidi: Carrera ya mwaka 2019 ina kilo 1,505, na Turbo S ya mwaka 2020 kilo 1,640. Kifaa wanacho wote wawili. Kinachozidi ni magurudumu manne, breki, tairi na mapambo. Na hiyo Carrera, mdogo wa ukoo, ina uzito wa Turbo ya mwaka 1995.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu pale pale, boneti ikiwa wazi. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba juma moja nyuma, kwenye barabara ya Morogoro, basi lilijitokeza mbele yake akakanyaga breki, na pedali ikazama hadi sakafuni. Alisimama akiwa ameingia kwenye majani. Mama yake hajaambiwa, na nimeombwa nisimwambie, ingawa sidhani kama redio ya dada yangu ilikuwa imezimwa leo.

Juzi tulikwenda pamoja kutafuta diski na kalipa za gari lenye turbo. Za mbele tumezipata. Za nyuma bado, na kwa sasa anakwenda kazini kwa daladala.