Balozi

Katika Kiswahili cha Tanzania, balozi si mwakilishi wa nchi ugenini tu. Tangu chama cha TANU kilipoanzisha mashina katika miaka ya 1960, neno hili humtaja pia kiongozi wa shina, yaani nyumba kumi: huyu alipeleka agizo la chama nyumbani kwa mtu na kurudisha malalamiko ngazi za juu, akisuluhisha ugomvi njiani.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, balozi alibaki kiongozi wa shina la CCM, chama kilichoirithi TANU. Mamlaka ya kiserikali ni ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huchaguliwa na wakazi. Hata hivyo, wengi bado humchukulia balozi kana kwamba ni mtumishi wa serikali, na mkanganyiko huo unawaumiza wasio wanachama, wanaodhani haki yao inapitia kwake.

Lakini wananchi hawakuhitaji balozi ili wasikike. Katika milima ya Upare, kaskazini mashariki mwa Tanzania, mkoloni aliisikia sauti ya Wapare kabla ya mashina: mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same kupinga kodi mpya, katika mgomo uitwao Mbiru. Leo, katika vijiji vya Upare kama vya Gonja au Mbaga, uamuzi wa kijiji ni wa mkutano mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18.