Nani Afundishe Darasa la Kwanza?

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Ada ilirudi miaka ya 1980, ikafutwa tena 2001, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa hata michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Kila mlango ulipofunguliwa, watoto walifurika. Hilo peke yake lingetosha kuzima ile dhana ya vikaoni kwamba mzazi maskini hathamini elimu. Kizuizi kikubwa cha elimu leo kimo ndani ya shule, katika darasa la kwanza na la pili.

Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Katika shule nyingi za umma darasa la kwanza hupita mia, wengine wakiketi sakafuni na daftari mapajani. Mwalimu anaonyesha chati ya silabi kwa fimbo, ba be bi bo bu, na darasa zima linaitikia. Akirukaruka kutoka silabi moja hadi nyingine bila kufuata mpangilio, wengi wanaendelea na wimbo ule ule. Wamekariri, hawasomi. Kusoma hufundishwa kwa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na katika msongamano huo haiwezekani.

Mtaala wa 2015 ulifanya jema kupunguza masomo ya madarasa hayo na kuipa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sehemu kubwa ya muda. Lakini muda haufundishi. Wala ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiajiri mwalimu. Kwa mtoto wa Kimaasai kule Simanjiro, au wa Kisukuma kule Meatu, mzigo ni maradufu: anakutana na herufi na Kiswahili kwa wakati mmoja. Sisi wasomi tumebishana miongo mingi juu ya Kiingereza cha kufundishia sekondari, na huyu tumempita njiani. Hili linaniuma.

Mwalimu mkuu naye hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Ndiyo maana aghalabu humpeleka huko mwalimu wake hodari, na wanaoanza wakabaki na yeyote aliyepatikana, pengine kijana anayejitolea. Simlaumu, anafuata kile anachoulizwa na walio juu yake.

Basi maswali yabadilike. Afisa elimu kata akifika shuleni, aanze na watoto wa darasa la pili, awape aya wasiyowahi kuiona, awasikilize mmoja mmoja. Wafundishao madarasa ya mwanzo wapewe posho ya kazi hiyo, na ajira mpya za walimu zianze kujaza madarasa hayo hadi kila moja lirudi kwenye watoto 45, hata kama la sita na la saba yatasubiri.