Saini ya Mshauri

Katika miaka miwili mshauri wangu wa masomo aliniuliza swali moja tu: "GPA yako ngapi?" Nikamjibu, akasaini fomu, akaita anayefuata. Foleni nyuma yangu ilifika hadi ngazini. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi, nina sapu mbili, na mwaka haukuisha kabla sijadisko. Simlaumu sana, foleni ile ingemchosha yeyote.

Leo nasoma uzamili wa historia, na swali lililonileta huku ni la mtu aliyefeli: nani aliyekuwa akiwaambia vijana wa nchi hii wasomee uhandisi?

Zamani Mtanzania aliyetaka fani hiyo bila kwenda ng'ambo kwa kawaida alielekea Nairobi. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma: umalize shule, ufanye kazi kwanza, ndipo uombe chuo ukiwa na pendekezo la mwajiri na la chama, TANU. Yaani katibu wa tawi naye alikuwa na neno kuhusu nani asome. Tunaweza kumcheka, lakini angalau alikujua wewe ni mtoto wa nani.

Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na tangu hapo mshauri mkuu amekuwa bumu. Mwalimu wetu wa fizikia pale Mbulu alisema wahandisi hawakosi mkopo. Hakunidanganya. Mkopo nilipata.

Ambacho hakuna aliyeniuliza ni natoka wapi. Natoka Kainam. Shamba la babu yangu, tuliyemwita Ako, limelalia mteremko ambao mgeni akiuona hudhani hata mbuzi atateleza. Wairaqw wa huko wamelima miteremko hiyo kwa vizazi kwa matuta na makinga maji, wakizika majani ndani ya tuta, na watafiti wameandika mengi juu yake. Nilipofundishwa uthabiti wa miteremko niliona alama za Kigiriki tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshika jembe juu ya mada ile tangu nina miaka saba.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, chini kule Basotu, wilayani Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 tambarare zile zilifanywa mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, kiasi cha ekari 100,000. Matrekta yalikuja, wataalamu walikuja, vijana wetu wakapelekwa Kanada kusoma. Wafugaji wa Kibarabaig waliondolewa kwenye malisho yao, na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Walikwenda hadi mahakamani. Huwa nawafikiria wale vijana waliorudi na vyeti: je, kuna mkufunzi aliyewahi kuwaambia waulize kabla ya kuwasha trekta?

Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope likashuka Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Binamu yangu alikuwa Katesh siku ile. Yeye alipona.

Mwezi uliopita alinipigia. Amemaliza kidato cha sita, PCM.

"Kaka, nichague nini? Wanasema uhandisi una mkopo."

Nilitaka kumwambia akimbie. Nikakumbuka ile foleni, nikamuuliza alichokiona asubuhi ile. Alinyamaza, kisha akaanza kueleza: mto ulivyobadilika rangi, mawe yalivyotangulia, nyumba ipi ilisimama na ipi haikusimama, na kwa nini anadhani hivyo. Aliongea karibu saa nzima, mpaka salio likamwishia.

Nikampigia mimi.